Kuzoa Maji

Mvua imepiga usiku kucha hapa Drenthe,
ndiyo maana nimeitwa.
Hatuchoti siku ya jua, shamba likiwa limefumba mdomo.
Tunachota asubuhi kama hii, udongo ungali unacheua
ulichonyweshwa Jumanne.

Sikujipaka kitu. Wala dawa ya mbu, wala mafuta ya jua,
maana ngozi yangu nayo ingeingia kwenye hesabu.
Mbu wa mtaroni wanalijua hilo.
Wananila kwa amani.

Nasimama upande yanakokwenda, uso nimeupeleka yanakotoka,
nisije nikatibua tope nikalisingizia shamba.
Kikombe cha chuma nakisuuza mara moja, mbili, tatu,
kwa maji yale yale nitakayoyashtaki.
Chupa siisuuzi. Imetoka maabara safi kuliko nia yangu.
Naijaza hadi shingoni, hadi mdomoni,
nafunga pasibaki hata kiputo.
Kioo chake ni cha kahawia
kwa sababu ziko sumu ambazo zikionwa na jua
hujifanya hazikuwapo.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakuajiriwa na bodi ya maji.
Mimi nayazoa, lita moja moja,
nayaandikia jina kwa penseli, kwani wino hukimbia ukilowa:
mtaro wa saba, chini ya daraja, saa mbili na dakika kumi,
nyuzi kumi na nne.

Ng'ambo, mayungiyungi yamesimama bila vichwa.
Julai huyakata maua, ekari kwa ekari,
nguvu ishuke kwenye tunguu.
Petali zimelala kati ya matuta, nyekundu, nyeupe,
hakuna anayeinama.
Sisemi kitu. Fomu haina nafasi ya maua.

Roelof Hadderingh anakuja akikokota baiskeli.
Ardhi ni yake, mayungiyungi si yake:
alimkodisha mtu wa mbali, misimu miwili,
na kwa kodi hiyo akaezeka paa jipya.
Anatoa mfukoni chupa ya jamu.
"Haya ni ya pampu ya jikoni," anasema. "Nimeiosha vizuri."
Bado inanukia stroberi.

Namweleza, na sauti yangu inakuwa ya karatasi:
si kioo chetu, si mkono wangu,
haina namba, haikulala kwenye barafu.
Maji yako, Roelof, ni shahidi asiyeapishwa.
Anaitikia kama mtu aliyetajiwa bei.
"Geesje aliyanywa miaka thelathini na mmoja."
Kisha anatazama paa.

Ninazo chupa kumi na mbili.
Moja ina maji ya maabara, yasiyo na dhambi.
Tunayatembeza tu: tunayafungua shambani, yanavuta hewa,
tunayafunga. Kazi yake ni kwenda na kurudi bila habari,
ili tujue kwamba habari za wenzake si za njiani.
Nyingine ni ya akiba, iwapo moja itavunjika.

Hakuna iliyovunjika.

Jikoni kwake naacha bomba litiririke dakika tano,
tumesimama wawili tukilisikiliza kama redio.
Juu ya sinki kuna kikombe kimoja, kimegeuzwa.
Najaza, nafunga.
Penye "aina ya mahali" fomu inanipa mto, ziwa, mtaro, bwawa.
Naandika pembeni, herufi ndogo: nyumba.
Msimamizi wangu, Bi Wubbena, ataniuliza.
Aniulize.

"Majibu lini?"
"Wiki tatu. Pengine nne, maabara ina foleni."
Anafuta mikono ambayo haikulowa.
"Na hizo wiki tatu," anasema, "ninywe nini?"

Barabara ya matofali inatikisa gari.
Nyuma, ndani ya barafu, chupa zinagongana taratibu,
kumi na mbili,
hata ile isiyo na neno.